Mfalme Aliyekatwa Kichwa na Mwanawe Aliyerudi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Uingereza ya 1640 hadi 1660

Maswali haya hurudi yale yale kila mtu anapokutana na kisa hiki kwa mara ya kwanza, awe mwanafunzi wa kidato cha tano au mtu aliyeona picha ya sanamu ya Cromwell nje ya Bunge la London akajiuliza huyu alifanya nini. Nimeanza na ya msingi, nikaenda hadi yale yanayowatatiza hata waliokwisha soma habari hizi. Jibu linapotegemea jibu jingine nimetaja namba yake, nisiseme jambo moja mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, nini kilitokea?

Mfalme Charles wa Kwanza, aliyerithi kiti mwaka 1625, aligombana na Bunge lake juu ya kodi, dini na nani mwenye amri juu ya jeshi. Agosti 1642 ugomvi ukawa vita. Bunge lilishinda, lakini jeshi lililoliletea ushindi huo nalo likawa na nguvu kuliko Bunge lenyewe. Tarehe 30 Januari 1649 mfalme alikatwa kichwa hadharani, baada ya kushtakiwa mahakamani kwa jina la watu wake.

Kwa miaka kumi na moja Uingereza haikuwa na mfalme. Kwanza ilikuwa jamhuri, kisha kuanzia Desemba 1653 ikawa chini ya Oliver Cromwell aliyeitwa Mlinzi Mkuu wa nchi. Cromwell alifariki 1658, mwanawe Richard akashindwa kuishika dola, na Mei 1660 Charles wa Pili, mwana wa yule aliyeuawa, akarudi kutoka uhamishoni bila risasi kufyatuliwa.

2. Ninyi mnasema Uingereza. Je, Uskoti na Ayalandi zimo?

Swali zuri, na kulisahau ndiko kunakowapoteza wengi. Charles alikuwa mfalme mmoja mwenye falme tatu: Uingereza (pamoja na Wales), Uskoti na Ayalandi. Kila moja ilikuwa na bunge lake, na dini iliyotawala nyoyo za watu haikuwa moja. Uskoti ilikuwa ya Wapresbiteri (Waprotestanti ambao kanisa lao huongozwa na mabaraza ya wazee), Ayalandi wengi wao Wakatoliki, na Uingereza ilikuwa na kanisa la maaskofu ambalo mkuu wake ni mfalme mwenyewe. Moto uliwaka Uskoti 1637, ukashika Ayalandi 1641, ndipo ukafika Uingereza 1642. Katika ukurasa huu, nisipotaja nyingine, Uingereza ni ufalme wa London peke yake.

3. Wapuritani walikuwa watu gani?

Walikuwa Waprotestanti walioona kwamba mageuzi ya kanisa Uingereza yaliachwa nusu njia. Walitaka mahubiri marefu yanayotoka kwenye Biblia, Jumapili iliyotengwa kweli kwa ajili ya Mungu, na kanisa lisilo na madhabahu zilizopambwa, sanamu wala mavazi ya kikuhani. Jina lenyewe lilianza kama dhihaka kutoka kwa wapinzani wao.

Hawakuwa chama kimoja. Wapo waliotaka kanisa moja la taifa linaloongozwa na mabaraza ya wazee, kama Uskoti, na wapo waliotaka kila kusanyiko lijitawale. Walipokuwa wanampinga mfalme tofauti hiyo ilifunikwa. Waliposhinda, ndiyo iliyowagawa.

4. Na Vichwa Mviringo?

Ni jina la utani walilopewa watu wa Bunge kwa sababu ya vijana wa London walionyoa nywele karibu na ngozi. Watu wa mfalme nao waliitwa Makavalia, kwa maana ya wapanda farasi wakorofi. Usiyategemee sana majina haya: wakuu wengi wa upande wa Bunge, Cromwell mmojawapo, walikuwa na nywele ndefu.

## Ugomvi ulivyoanza

5. Je, chanzo ni kodi?

Kodi ilikuwa mlango. Kwa desturi mfalme hakuweza kutoza kodi mpya bila Bunge kuridhia. Mwaka 1628 wabunge walimbana Charles akubali hati inayokataza kodi bila Bunge na kumfunga mtu bila kosa lililotajwa. Alikubali, kisha 1629 akalivunja Bunge na kutawala miaka kumi na moja bila kuliita tena.

Bila Bunge fedha itoke wapi? Wanasheria wake walifukua kila haki ya kale iliyosahaulika. Iliyokera zaidi ni kodi ya meli: zamani miji ya pwani ililipa gharama za manowari wakati wa hatari, na sasa Charles akaitoza nchi nzima, mpaka kaunti ambazo hazijawahi kunusa bahari, mwaka baada ya mwaka, wakati wa amani. John Hampden, mwenye ardhi wa Buckinghamshire, alidaiwa shilingi ishirini kwa sehemu moja ya mali yake. Alikuwa na uwezo wa kuzilipa mara mia. Alikataa ili suala lifike mahakamani. Mahakimu kumi na wawili walisikiliza, saba wakampa mfalme haki na watano wakamkatalia. Kwa mfalme aliyezoea mahakimu wanaomtii, saba kwa watano ulikuwa ushindi wa aibu, na nchi nzima ilisoma hesabu hiyo.

6. Na dini?

Dini ndiyo iliyowafanya watu wawe tayari kufa. Charles alimwoa Henrietta Maria wa Ufaransa, Mkatoliki, na akamweka William Laud kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Laud alirudisha mapambo na heshima ya madhabahu, na kwa Mpuritani kila hatua ya namna hiyo ilikuwa ni kurudishwa Roma kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1637 waandishi watatu waliompinga walikatwa masikio hadharani.

Mwaka huo huo mfalme aliwalazimisha Waskoti kutumia kitabu kipya cha sala. Kiliposomwa mara ya kwanza katika kanisa la St Giles, Edinburgh, ghasia zikalipuka humo humo kanisani. Waskoti waliweka saini agano la kulinda dini yao, wakaunda jeshi, wakamshinda. Ili kupata fedha za kupambana nao Charles hakuwa na njia ila kuliita Bunge, na Bunge lililokutana Novemba 1640 lilikuja na kinyongo cha miaka kumi na moja. Kwa majina yalivyozoeleka, hili ndilo Bunge Refu.

7. Ni kweli mfalme aliingia bungeni na askari?

Kweli. Tarehe 4 Januari 1642 Charles alikwenda bungeni na watu wenye silaha wapatao 400 kuwakamata wabunge watano, akiwemo Hampden na kiongozi wao John Pym. Aliwaacha askari mlangoni, mlango ukiwa wazi waonekane, akatembea mpaka kiti cha Spika. Akaangaza macho. Wale watano walikuwa wamekwisha kupenyezewa habari na kutoroka kwa mashua mtoni Thames.

Akamgeukia Spika William Lenthall, amwambie wako wapi. Lenthall alipiga magoti na kusema kwamba mahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema, ila kwa namna Bunge litakavyomwelekeza. Lenthall hakuwa shujaa katika maisha yake mengine, lakini kwa sentensi hiyo moja Spika aliacha kuwa mtu wa mfalme akawa mtu wa Bunge. Charles alikubali kwamba ndege wake wameruka, akatoka huku wabunge wakipiga kelele za haki yao. Siku chache baadaye aliihama London, na aliporudi kukaa humo alikuwa mfungwa anayekwenda kuhukumiwa.

## Vita

8. Bunge lilishindaje jeshi la mfalme?

Kwa fedha, kwa Waskoti, na kwa jeshi jipya. Bunge lilishika London na bandari kubwa na jeshi la majini. Pym alianzisha mwaka 1643 ushuru wa bidhaa, ule ule ambao leo tunaukuta kwenye bei ya bia na sigara, na wakati ule pia ulianzia kwenye bia, mvinyo na tumbaku. Ajabu inayouma ni kwamba watu walioingia vitani kwa ajili ya kodi ya meli walijikuta wakilipa kodi nzito zaidi kwa Bunge. Mwaka huo huo Bunge liliafikiana na Waskoti, nao wakaleta jeshi lao. Julai 1644 pande hizo mbili zilivunja nguvu za mfalme kaskazini, huko Marston Moor.

Mwaka 1645 majeshi ya mikoa yaliunganishwa kuwa jeshi moja la taifa chini ya Thomas Fairfax, lenye mshahara, makoti mekundu na maofisa waliopanda kwa uwezo kuliko kwa ukoo. Tarehe 14 Juni 1645, Naseby, jeshi hilo lililivunjavunja jeshi kuu la mfalme. Humo ilikamatwa sanduku la barua za mfalme, zikachapishwa, na watu wakasoma kwa macho yao kwamba alikuwa akitafuta askari Wakatoliki kutoka Ayalandi na nje. Nadhani barua hizo zilimgharimu sawa na mapigano yenyewe. Mei 1646 alijisalimisha kwa Waskoti, na mwanzoni mwa 1647 Waskoti wakamkabidhi kwa Bunge walipoanza kulipwa deni lao la vita.

9. Watu wangapi walikufa?

Uingereza na Wales zilikuwa na watu kama milioni tano. Makadirio yanayotumiwa sana ni kama 85,000 waliouawa kwa silaha na wengine kama 100,000 kwa maradhi yaliyoandamana na majeshi. Kwa hesabu ya idadi ya watu, ni hasara inayolingana na ya vita vikuu vya karne ya ishirini au kuizidi. Ayalandi iliumia zaidi mno (tazama swali la 14).

10. Nimesikia kuhusu mijadala ya Putney. Ilikuwa nini?

Hapa ningependa msomaji asimame kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1647, kanisani Putney kando ya Thames, askari wa kawaida na maofisa wao waliketi kujadili nchi itawaliwe vipi. Wengi wa askari hao walivutwa na kundi lililobandikwa jina la Wasawazishaji, ambalo lilitaka kura kwa wanaume wengi zaidi, sheria moja kwa wote na uhuru wa dhamiri.

Kanali Thomas Rainsborough alisema kwamba aliye maskini kupita wote Uingereza ana maisha ya kuishi sawa na aliye mkubwa kupita wote, na kwamba anayeishi chini ya serikali lazima kwanza aikubali kwa ridhaa yake. Henry Ireton, mkwe wa Cromwell, alimjibu kwamba asiye na mali hana mizizi katika nchi, na ukimpa kura leo kesho atapiga kura kugawana mali za watu. Karani aliyanukuu mazungumzo yale. Yalikaa kwenye makaratasi kwa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kuchapishwa, na hoja zote mbili ungeweza kuzisikia leo kwenye kijiwe chochote cha kahawa.

Hakuna kilichotekelezwa. Mfalme alitoroka mikononi mwa jeshi mwezi uliofuata, vita vya pili vikaja 1648, na mwaka 1649 Cromwell aliwanyamazisha Wasawazishaji kwa risasi.

## Kesi na kifo cha mfalme

11. Je, ni Bunge lililomhukumu mfalme?

Ni sehemu ya Bunge iliyobakizwa na jeshi. Baada ya vita vya pili wabunge wengi bado walitaka kupatana na Charles. Jeshi halikutaka: alikuwa ameshindwa mara moja, akapewa nafasi, akaitumia kupanga vita vingine. Asubuhi ya 6 Desemba 1648 Kanali Thomas Pride alisimama kwenye ngazi za Bunge na orodha mkononi, akiwazuia wengine na kuwakamata wengine. Mwenye kisu kikali ndiye aliyekula nyama. Waliobaki waliitwa kwa kejeli Bunge la Mkia, nao ndio waliounda mahakama ya kumshtaki mfalme. Malodi, yaani wakuu wa nyumba ya pili ya Bunge, walipokataa kushiriki, walirukwa.

12. Kesi ilikwendaje, na alikufaje?

Ilianza 20 Januari 1649 katika Ukumbi wa Westminster. Makamishna 135 waliteuliwa. Wengi hawakutokea kabisa. Fairfax mwenyewe alijitenga, na jina lake lilipoitwa mkewe alipaza sauti kutoka roshani kwamba mumewe ana akili kuliko kuwa pale. Rais wa mahakama, John Bradshaw, alivaa kofia iliyotiwa chuma ndani kwa kuogopa kuuawa.

Charles aliingia amevaa nguo nyeusi, kofia kichwani, hakuivua. Mwendesha mashtaka John Cook alipoanza kusoma, mfalme alimgusa begani kwa fimbo yake amnyamazishe. Kichwa cha fedha cha fimbo kikachomoka, kikaanguka sakafuni. Charles alingoja mtu akiokote. Hakuna aliyesogea, naye, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuinama kwa kitu kilichodondoka, akainama akakiokota mwenyewe.

Hakujibu mashtaka. Siku baada ya siku aliuliza swali moja: mnanihukumu kwa mamlaka gani? Alisema kama nguvu bila sheria inaweza kumhukumu yeye, basi hakuna raia yeyote Uingereza aliye salama. Mimi si mtetezi wake, lakini swali hilo mahakama haikulijibu, nalo liliwafuata washindi wake mpaka 1660. Makamishna 59 walitia saini hati ya kifo.

Tarehe 30 Januari baridi ilikuwa kali, akavaa mashati mawili asije akatetemeka watu wakadhani ni hofu. Alikaa akisubiri kwa saa kadhaa, kwa kuwa Bunge lilikuwa likiharakisha kupitisha sheria ya kumkataza mtu yeyote kumtangaza mfalme mpya. Alasiri alitoka kupitia dirisha la Ukumbi wa Karamu, Whitehall, akapanda jukwaa lililotandazwa nguo nyeusi. Mkata kichwa alifunika uso, na hadi leo hajulikani. Mvulana aliyekuwepo aliandika baadaye kwamba shoka liliposhuka umati ulitoa mgumio ambao hakuwahi kuusikia mfano wake, na hakutaka kuusikia tena.

## Miaka ya bila mfalme

13. Cromwell alikuwa nani, na kwa nini hakujitawaza?

Alizaliwa Huntingdon mwaka 1599, katika familia yenye ardhi kidogo. Hadi miaka arobaini na kitu hakuwa amewahi kuongoza hata askari kumi. Alikuwa na imani nzito kwamba Mungu huonyesha mapenzi yake kwa matokeo: kila alichoshinda alikisoma kama jibu la sala.

Tarehe 20 Aprili 1653 alilivunja Bunge la Mkia kwa mikono yake. Aliketi akasikiliza, akasimama, akaanza kuwatukana wabunge mmoja mmoja, akaita askari wenye bunduki. Desemba hiyo akawa Mlinzi Mkuu kwa katiba iliyoandikwa, ya kwanza ya namna yake katika nchi hiyo. Mabunge yake mwenyewe nayo hayakumridhisha, akayavunja.

Mwaka 1657 wabunge walimwomba awe mfalme, na sababu yao ilikuwa ya kisheria: mipaka ya mfalme inajulikana, imepimwa kwa karne nyingi, lakini Mlinzi Mkuu ni cheo kipya kisicho na ukuta. Alisita kwa wiki nyingi. Maofisa wa jeshi wakamwambia hawakupigana kwa ajili ya hilo, naye akakataa taji. Lakini Juni mwaka huo alitawazwa upya katika vazi la zambarau, akiwa ameketi kwenye kiti cha kutawazia wafalme, fimbo ya enzi mkononi. Alikosa taji tu.

14. Kwa nini Waayalandi wanamchukia Cromwell mpaka leo?

Kwa sababu ya Drogheda na Wexford, na kwa sababu ya ardhi. Septemba 1649 jeshi lake liliingia Drogheda kwa nguvu na kuua watu karibu 3,000, wakiwemo askari waliokwisha shindwa, mapadre na raia. Mwezi uliofuata mauaji ya namna hiyo yakatokea Wexford. Cromwell aliandika kwamba ni hukumu ya haki ya Mungu, kisasi cha Waprotestanti waliouawa katika maasi ya 1641. Wengi wa waliouawa Drogheda hawakuhusika na maasi hayo.

Silaha ziliponyamaza ikaja sheria ya 1652: Wakatoliki wenye ardhi walinyang'anywa au kuhamishiwa Connacht, magharibi kwenye mawe, na mashamba yao wakapewa askari na watu walioikopesha serikali fedha za vita. Kabla ya vita Wakatoliki walimiliki zaidi ya nusu ya ardhi ya Ayalandi. Baadaye walibaki na kama moja ya tano. Njaa na tauni viliua wengi kuliko panga. Anayemsifu Cromwell kwa uhuru wa Bunge hana budi kuusoma ukurasa huu pia.

15. Ni Cromwell aliyepiga marufuku Krismasi?

Ni Bunge, Juni 1647, miaka sita kabla hajawa mtawala. Hoja ilikuwa kwamba Biblia haitaji siku hiyo na watu huitumia kwa ulevi. Maduka yaliamriwa yafunguliwe tarehe 25 Desemba. Huko Canterbury, Krismasi ya 1647, wenye maduka wachache waliotii walivamiwa, bidhaa zikatupwa barabarani, na ghasia zikaingia kwenye maasi ya Kent ya mwaka uliofuata. Majumba ya tamthilia yalikuwa yamefungwa tangu Septemba 1642. Mwaka 1650 uzinzi ulifanywa kosa la kifo, ingawa mabaraza ya wazee wa mahakama yalisita mno kumtia mtu hatiani.

Hata hivyo si kweli kwamba nchi nzima ilikaa kimya kama msibani. Cromwell alipenda muziki, na arusi ya bintiye mwaka 1657 ilikuwa na fidla na dansi. Kilichowachosha watu ni majenerali aliowapeleka mikoani mwaka 1655, wenye kukusanya kodi na kuchunga maadili kwa pamoja. Wageni wenye upanga waliokuja kufunga vilabu vya pombe walisahaulika polepole sana.

16. Kulikuwa na uhuru wa dini?

Kuliko wakati wowote kabla yake, kwa Waprotestanti. Makusanyiko ya kila namna yalichipuka, na Waquaker walianza miaka hiyo. Mwaka 1656 Wayahudi, waliofukuzwa 1290, waliruhusiwa kuishi na kuabudu London. Wakatoliki na watu wa kanisa la maaskofu na kitabu chake cha zamani cha sala hawakuhesabiwa. Na mipaka ilikuwa ya kutisha: James Nayler, Mquaker aliyeingia Bristol juu ya farasi kwa mfano wa Yesu kuingia Yerusalemu, alichapwa, akatobolewa ulimi kwa chuma cha moto na kupigwa chapa usoni kwa amri ya Bunge.

## Kurudi kwa mfalme

17. Waliompiga vita mfalme walimrudishaje mwanawe?

Kwa sababu baada ya Cromwell hapakuwa na kitu chenye sheria cha kushika. Richard Cromwell alikuwa mpole, hakuwa askari, na mwaka 1659 jeshi lilimwondoa. Serikali zikabadilika kwa miezi. Mshahara wa askari ulikuwa umelimbikizwa, wafanyabiashara wa London wakakataa kulipa kodi isiyoidhinishwa na Bunge huru. Angalia mzunguko huo: tumerudi kwa Hampden na shilingi zake ishirini.

Jenerali George Monck, aliyeshika Uskoti, alivuka mpaka Januari 1660 na jeshi lililolipwa na lenye nidhamu, bila kumwambia mtu anakusudia nini. Alifika London, akawarudisha wabunge waliozuiwa na Kanali Pride, nao wakaitisha uchaguzi. Charles wa Pili, kutoka Breda, Uholanzi, alitoa tangazo la Aprili lenye ahadi nne: msamaha, mishahara ya askari, uhuru wa dhamiri, na mabishano ya ardhi yamalizwe na Bunge. Kila jambo gumu aliliacha mikononi mwa Bunge, na huo ndio werevu wake. Tarehe 29 Mei 1660, siku aliyotimiza miaka thelathini, aliingia London barabara zikiwa zimetandazwa maua.

18. Alilipiza kisasi?

Kidogo kuliko walivyotazamia wafuasi wake. Sheria ya msamaha iliwasamehe karibu wote, ila waliohusika moja kwa moja na kifo cha babake. Kumi waliuawa Oktoba 1660, akiwemo John Cook aliyeguswa na ile fimbo. Wengine walikimbilia Uswisi na Marekani. Kisasi kikubwa kiliwapata maiti: tarehe 30 Januari 1661 miili ya Cromwell, Ireton na Bradshaw ilifukuliwa, ikatundikwa Tyburn, mahali pa kunyongea wahalifu London, vichwa vikachomekwa juu ya Ukumbi wa Westminster, pale pale ilipofanyika kesi. Kichwa kinachoaminiwa kuwa cha Cromwell kilizikwa mwaka 1960 katika chuo alichosoma huko Cambridge.

19. Wapuritani walipotelea wapi?

Bunge la wafuasi wa mfalme halikuitimiza ahadi ya uhuru wa dhamiri. Mwaka 1662 wahudumu kama elfu mbili walipoteza makanisa yao kwa kukataa kitabu kipya cha sala. Waliendelea majumbani na maghalani, wengi wakifungwa. Fundi masufuria John Bunyan alikaa gerezani Bedford miaka kumi na miwili kwa kosa la kuhubiri.

20. Basi damu yote ile ilikuwa ya bure?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu langu ni hapana, kwa sababu mahususi. Mwaka 1641, kabla ya vita, Charles wa Kwanza alitia saini sheria zilizofuta kodi ya meli na mahakama maalumu za mfalme zilizokata watu masikio. Sheria hizo zilikuwa na saini ya mfalme halali, kwa hiyo mwaka 1660 hakuna aliyeweza kuzifuta kwa hoja kwamba ni za waasi. Aliyerudi alikuwa mfalme wa 1641, si wa 1640. Hakuweza tena kutoza kodi bila Bunge wala kumfunga mtu kwa amri yake tupu.

Kilichoanguka ni kile kilichojengwa juu ya jeshi peke yake, hata kile kizuri: kura pana, katiba iliyoandikwa, uhuru wa makusanyiko. Na somo la fimbo ile iliyoanguka halikusahauliwa. Ndugu yake Charles wa Pili, James wa Pili, alipogombana na wakuu wa nchi mwaka 1688, hakungoja mahakama. Alikimbia.

## Maswali ya pembeni

21. Pwani yetu ilikuwa na habari gani wakati huo?

Ilikuwa inapigana na Mreno. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan wa Mombasa aliasi na kuitwaa Ngome ya Yesu. Januari 1650, mwaka mmoja tu baada ya Charles kuuawa, Waomani waliwatoa Wareno Maskati, na 1652 wakawashambulia Unguja. Waingereza hawakuwa na mkono humo. Lakini Charles wa Pili alipomwoa Catherine wa Braganza, Ureno ilimpa Bombay kama sehemu ya mahari, naye 1668 akaikabidhi kampuni ya biashara ya Mashariki ya India. Karne mbili baadaye balozi wa Uingereza pale Unguja alikuwa akiripoti Bombay.

22. Siwa ya Bunge inahusiana na mambo haya?

Inahusiana. Kule Dodoma, Spika akiingia hutanguliwa na siwa, fimbo ya mamlaka ya Bunge, desturi iliyotoka Westminster, ingawa neno ni letu: siwa ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba zilipulizwa kwenye sherehe za wakubwa tangu zamani. Siku Cromwell alipowafukuza wabunge (swali la 13) alinyooshea kidole siwa yao akauliza, tufanye nini na kidude hiki? Haya, kiondoeni. Ikaondolewa. Mwaka 1660 ikatengenezwa nyingine.

23. Kwa nini hati nyingine zinasema mfalme aliuawa 1648, na sheria za 1660 zinaitwa za mwaka wa 12 wa Charles wa Pili?

La kwanza ni kalenda: hadi 1752 mwaka wa Kiingereza kisheria ulianza 25 Machi, kwa hiyo Januari ilihesabiwa mwaka uliotangulia.

La pili ni uamuzi. Wanasheria wa 1660 walishika kwamba kiti hakikai wazi, kwamba Charles wa Pili alikuwa mfalme tangu shoka lilipomshukia babake. Wakahesabu miaka yake kuanzia 30 Januari 1649, na sheria zote zilizotungwa bila saini ya mfalme wakazichukulia kuwa batili. Ukifungua leo mkusanyo rasmi wa sheria za Uingereza, kurasa za Charles wa Kwanza zinafuatwa na za mwanawe, mwaka wa kumi na mbili, na katikati hakuna jamhuri.